Kilo zilizoondoka bila vocha

Msimu wangu wa kwanza wa uhasibu kwenye chama chetu cha ushirika huku Mbinga, lori liliondoka na kilo 9,400 za kahawa ya maganda. Kwenye mzani wa kiwanda cha kukoboa zikasoma kilo 9,188. Kilo 212 hazipo. Dereva akaapa, utingo naye akaapa, na magunia yalikuwa na lakiri zake zote. Mwenyekiti, mtu mwenye busara aliyechoka na kelele za wakulima wanaodai malipo, akasema tuandike upotevu wa safari, tufunge.

Mjomba wangu, aliyeshika kazi hiyo kabla yangu na ndiye aliyenifundisha leja, alinyamaza mpaka kikao kikaisha. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ndipo aliposema: "Kitu hakipotei, mama. Kuna mahali kimekaa, hakijaandikwa tu."

Kesho yake tuliazima kipima unyevu. Kahawa ya mkupuo uleule iliyobaki stoo ilisoma asilimia 13.5. Ile ya kiwandani, iliyokaa siku kadhaa kwenye joto kabla ya kupimwa, ilisoma 11.5. Nikashika kikokotoo. Katika kilo 9,400 zenye unyevu wa asilimia 13.5, kahawa yenyewe, ukiacha maji, ni kilo 8,131. Kilo hizo 8,131 zikiwa asilimia 88.5 ya mzigo, mzigo wote ni kilo 9,188. Nilirudia hesabu mara tatu. Maji yalikuwa yametoka kupitia nyuzi za magunia, na hakuna aliyeyaandikia vocha.

Ninaanza na kahawa kwa sababu miaka sita baadaye nilikutana na habari hiihii kwenye kitabu cha fizikia ya chembe, na tangu siku ile sijakiweka chini.

Kitabu chenyewe nilikinunua Dar es Salaam nilipokwenda kwenye mafunzo ya wahasibu wa vyama vya msingi. Ni kitabu cha utangulizi kwa wanafunzi wa chuo, kimechapwa 1987, nimekikuta kwa wauza vitabu vya mtumba kwa shilingi elfu saba. Kidato cha Tano na cha Sita nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na fizikia niliipenda kuliko somo lolote. Lakini nafasi iliyopatikana chuoni ilikuwa ya uhasibu, nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wanne, nikaenda. Nilipofungua kile kitabu pale kando ya barabara nikaona kwamba nusu ya alama bado nazifahamu. Aliyekimiliki mwanzo alikuwa ameandika kwa penseli pembeni, kwa mwandiko mdogo mzuri, mpaka katikati ya sura ya tatu. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Mara nyingi nimemuwaza.

Sura hiyo ya tatu ni ya uhusianifu, nadharia ya Einstein kuhusu muda na mwendo, na mimi pia ilinichukua miezi minne. Kilichonivusha ni myuoni. Hii ni chembe kama elektroni, ila tungamo lake (kwa Kiingereza mass) ni karibu mara 207 ya lile la elektroni. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliitambua 1936 katika mionzi inayotoka angani. Myuoni huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, yaani ukigawa sekunde moja vipande milioni, yenyewe inapata viwili nukta mbili. Nyingi huzaliwa kama kilomita 15 juu ya vichwa vyetu. Hata ikienda kwa kasi ya mwanga, kwa muda huo itasafiri mita 660 tu, basi. Hata hivyo, ukinyoosha kiganja sasa hivi, kama moja inapita humo kila sekunde. Zinafika kwa sababu saa ya kitu kinachokimbia hivyo huenda polepole ukiipima ukiwa umesimama. Nilikuwa nimesikia maneno haya tangu shuleni. Kuyakokotoa mwenyewe mezani, namba ikatoka, na kujua kwamba kiganja kilichoshika penseli kimepitwa na ushahidi wakati wote ule, ni jambo jingine kabisa. Ishike saa hiyo ya myuoni, nitaihitaji mbele.

Sasa nirudi kwenye kahawa.

Kiini cha atomu kikitoa chembe ya alfa, yaani kipande chake kidogo, kila alfa hutoka na nishati yake maalumu. Za poloni-210 ni elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 5.3, leo na kesho. Haiwezi kuwa vinginevyo: kitu kilichotulia kikipasuka vipande viwili, vipande hivyo husukumana kwa momenta (tungamo mara kasi) zinazolingana, na mgawanyo wa nishati hauna nafasi ya kuyumba. Elektroni za beta, zile zinazorushwa na viini vya aina nyingine, zilikataa kanuni hiyo. James Chadwick alionyesha 1914, akiwa Berlin, kwamba zinatoka na nishati za kila namna, kuanzia karibu na sifuri hadi kikomo fulani. Kiini ni kilekile mwanzoni na kilekile mwishoni, lakini mzigo unaotoka unapimwa tofauti kila safari.

Maelezo ya kwanza yalikuwa yale ambayo hata mimi ningeyatoa: labda elektroni zote huanza na mzigo kamili, zingine zinamwaga njiani. Charles Ellis na William Wooster wa Cambridge wakalijaribu hilo 1927. Walichukua bismuthi-210 wakaifungia ndani ya chombo cha kupima joto, chenye kuta ambazo elektroni haiwezi kuzipenya. Kama nishati inamwagika njiani, itamwagika humohumo na joto litaionyesha. Kikomo cha elektroni hizo ni zaidi ya elektronivolti milioni moja. Joto lilionyesha wastani wa kama 340,000 kwa kila kiini. Theluthi moja imepimwa, theluthi mbili hazipo, na mlango ulikuwa umefungwa.

Niliposoma aya hiyo niliinuka nikazunguka chumba. Walifanya kile tulichofanya na kipima unyevu, wakapata jibu la kutisha zaidi, maana sisi angalau tuliyapata maji.

Niels Bohr, mwanafizikia aliyeheshimiwa pengine kuliko wote wakati ule, alikuwa tayari kusema kwamba pengine nishati haihifadhiki katika kila tukio, ila kwa wastani tu. Tuandike upotevu wa safari, tufunge. Sisemi hivyo kumdharau. Mwenyekiti wetu pia hakuwa mtu wa kudharauliwa. Fizikia ilikuwa imezipindua kanuni nyingi za zamani katika miaka thelathini iliyotangulia, na mtu mwaminifu alikuwa na haki ya kuuliza kama hii nayo ndiyo zamu yake.

Wolfgang Pauli akachagua njia ya mjomba. Tarehe 4 Desemba 1930 aliandika barua kwa wenzake waliokuwa wanakutana Tübingen, Ujerumani, akiwasalimu kama mabibi na mabwana wenye mnururisho, na akaomba radhi kwamba hatafika kwa sababu ya dansi huko Zürich. Ndani ya barua alipendekeza, na mwenyewe aliiita tiba ya mtu aliyeishiwa njia, kwamba pamoja na elektroni kunatoka chembe nyingine isiyo na chaji, nyepesi mno, inayopenya kila ukuta. Hiyo ndiyo inayobeba kinachokosekana. Baadaye Enrico Fermi akaipa jina la kwao Italia, neutrino, yaani kile kidogo kisicho na chaji.

Hapa nilikaa wiki nzima, na sababu yake ni ya kikazi. Kila mhasibu anaijua akaunti ya muda. Ni mahali pa kuweka tofauti ambayo bado hujaijua asili yake ili urari ukubali. Ikitumika vizuri ni chombo cha uaminifu, maana inasema wazi kwamba hapa kuna jambo halijapata jibu. Ikitumika vibaya ni kaburi, na mwizi hufukia humo chochote. Mhasibu mwongo naye hufunga hesabu, tena hufunga vizuri kuliko mkweli. Kwa hiyo nilijiuliza kwa dhati: Pauli alitofautiana vipi na mtu anayebuni jina la mfanyakazi hewa ili mshahara uliopotea upate mwenyewe? Chembe isiyoonekana, isiyoguswa, isiyozuilika, iliyobuniwa ili kujaza pengo la ukubwa uleule unaotakiwa. Kama mkaguzi ningeiwekea alama nyekundu.

Jibu nililolipata, nikisoma mbele na kurudi nyuma, ni kwamba ingizo la kweli halikai kwenye daftari moja. Mfanyakazi hewa yumo kwenye orodha ya mshahara tu. Hayumo kwenye mahudhurio, hana bima, hakuna aliyekaa naye mezani. Neutrino ilianza kujitokeza kwenye madaftari ambayo haikubuniwa kwa ajili yake. La kwanza lilikuwa spini, kipimo cha mzunguko ambao kila chembe huzaliwa nao, na Pauli mwenyewe aliliona. Kwa lugha ya leo, nyutroni ina spini nusu, nayo inageuka kuwa protoni yenye nusu na elektroni yenye nusu. Nusu mbili hukupa sifuri au moja, hazikupi nusu kamwe. Ongeza chembe ya tatu yenye nusu, na daftari hilo linafunga pia, kwa chembe ileile moja. La pili lilikuja 1934, Fermi alipochapisha nadharia yake. Ukiikubali chembe hii unaweza kukokotoa zaidi ya jumla: unakokotoa umbo zima la mchoro wa beta, elektroni ngapi kwa kila kiwango cha nishati.

Na daftari la tatu lilikuwa mahudhurio. Frederick Reines na Clyde Cowan walikwenda kwenye tanuri la nyuklia la Savannah River, South Carolina, ambako kama nadharia ni kweli zinatoka trilioni nyingi katika kila sentimita ya mraba kwa sekunde. Waliweka maji yenye kloridi ya kadimi. Mara chache sana neutrino itagonga protoni ya maji na kutoa positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, na nyutroni. Positroni inakutana na elektroni papo hapo, mwanga unamulika. Nyutroni inatangatanga mikrosekunde chache mpaka kadimi inaimeza, mwanga unamulika tena. Miwili, kwa mpangilio huo, kwa pengo hilo. Walipata kama matukio matatu kwa saa. Ilikuwa 1956, miaka 26 tangu barua ile, na Pauli aliishi kuipokea telegramu yao.

Nilipomsomea mjomba sehemu hii, nikimtafsiria sentensi moja moja, aliniuliza swali moja tu: walijuaje kwamba matukio hayo hayatoki mahali pengine? Nikamwambia walilinganisha tanuri likiwa linawaka na likiwa limezimwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anavyofanya akiona risiti yenye muhuri.

Kutafsiri kulinisaidia kuliko nilivyotegemea. Fizikia nilifundishwa kwa Kiingereza, na nikagundua kuna mambo nilikuwa nayasema bila kuyaelewa, maana neno lilikuwa limefunika shimo. Nilipolazimika kumweleza mzee kwa nini tungamo si uzito, ilibidi nieleze kweli. Pembeni ya kitabu sasa kuna Kiswahili changu kwa penseli, kikianzia pale mwandiko wa yule wa kwanza ulipoishia. Maneno mengine yapo tayari: kiini, kani, tungamo, nishati. Mengine nimeyaacha yalivyo, kwaki na gluoni, kwa sababu hata huko yalikotoka yalibuniwa tu. Neno lililonisumbua ni lile la kitabu la kuhifadhika kwa nishati. Kuhifadhi kwetu ni kuweka akiba, na nishati haiwekwi akiba hapa. Nimeandika "urari wa nishati". Sijui wataalamu wa lugha watasemaje, ila kila mtu wa chama chetu akisikia urari anaelewa mara moja kwamba pande mbili lazima zilingane.

Zoezi ninalolipenda kupita yote ni la antiprotoni, pacha wa protoni mwenye chaji hasi. Unarusha protoni moja kwenye nyingine iliyotulia, unataka kupata protoni tatu na antiprotoni moja. Chembe mpya ni mbili. Unahitaji nishati kiasi gani? Jibu la haraka ni tungamo mbili za protoni, na ndilo nililoliandika, na si sahihi. Protoni iliyorushwa ilikuja na momenta, na momenta nayo ina urari wake. Huwezi kuzalisha chembe nne ukaziacha zimesimama, lazima ziendelee mbele, na mwendo huo unagharimu. Njia nzuri ni kutumia kiasi ambacho kila mtazamaji anakiona sawa: mraba wa nishati toa mraba wa momenta. Ukihesabu tungamo la protoni kuwa ni 1, na nishati yote ya protoni inayokuja ukaiita E, kabla ya mgongano kiasi hicho ni 2 jumlisha 2E. Baada yake, katika hali ya nafuu kuliko zote, ni mraba wa 4, yaani 16. Basi E ni 7. Ondoa 1 ambayo protoni ilikuwa nayo hata kabla ya kurushwa, inabaki 6. Unalipia sita upate mbili.

Tungamo la protoni ni 938 kwa vipimo vya megaelektronivolti, yaani elektronivolti milioni, kwa hiyo sita ni 5,628. Mashine ya kurusha protoni iitwayo Bevatron, kule Berkeley, California, ilijengwa ifike zaidi kidogo ya 6,000, na 1955 Emilio Segrè, Owen Chamberlain na wenzao wakaipata antiprotoni humo. Watu walimwaga zege na kufunga maelfu ya tani za sumaku kwa kuiamini hesabu ya mistari minne. Nimeifanya mwenyewe mistari hiyo, kwa taa ya sola, saa sita za usiku, na namba ikalingana na ya mashine.

Sura za kati nilizipita kwa taabu na sitazisimulia sana. Michoro ya Feynman, ile inayoonyesha jinsi chembe zinavyokutana na kuachana, ninaichora lakini bado naikokotoa kwa kusuasua. Jambo moja la huko linanifuata kila siku. Protoni ina chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwaki, mbili za aina ya juu na moja ya chini. Tungamo za kwaki hizo ukizijumlisha ni kama 9. Protoni ni 938. Yaani asilimia moja tu ndiyo tungamo la vitu vilivyomo ndani, na karibu yote iliyobaki ni nishati: ya mwendo wa kwaki na ya gluoni zinazozifunga. Gunia la kahawa ninalolipokea asubuhi likasoma kilo 60, kilo 59 na ushei katika hizo ni pilikapilika. Nimelisema hili kwa wakulima pale mzanini na hakuna aliyenibishia. Mama mmoja aliliwekea mkono gunia lake, akaliangalia muda mrefu.

Kwa kuwa kitabu changu ni cha 1987, kina mapengo yake. Kwenye jedwali la kwaki, ya sita ina alama ya kuuliza, maana ilipatikana mwaka 1995 kwenye maabara ya Fermilab, Marekani. Chembe ya Higgs inatajwa kama tumaini, ilitangazwa CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, tarehe 4 Julai 2012. Hayo nimeyajaza kutoka kwenye intaneti. Lakini pengo lililonigusa ni jingine, na kitabu kinalitaja kwa aya moja fupi yenye wasiwasi: Jua lina upungufu.

Raymond Davis alikuwa ameshuka karibu kilomita moja na nusu ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, na tangi la lita kama 380,000 za dawa ya kufulia inayotumiwa na drai klina. Neutrino ya Jua ikigonga klorini humo, inaigeuza kuwa arigoni. Alizichuja atomi hizo chache na kuzihesabu. John Bahcall alikuwa amekokotoa zitarajiwe ngapi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Davis alipata kama theluthi moja. Wengine wakasema Davis hajui kuhesabu. Wengine wakasema Bahcall halijui Jua. Dereva na utingo walishukiwa kwa miaka thelathini, nao wakaendelea kuleta hesabu zilezile, kila mmoja akirudia upya na kupata jibu lake lilelile.

Chini ya mgodi wa Sudbury, Kanada, kulijengwa tangi la tani 1,000 za maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito, na maji hayo yana sifa ya kuweza kuhesabu kwa njia mbili: neutrino za aina ya elektroni peke yake, na aina zote tatu za neutrino kwa pamoja. Matokeo ya 2001 na 2002 yalifunga daftari. Za elektroni, theluthi. Zote pamoja, ile namba ya Bahcall. Hakuna kilichopungua. Njiani kutoka kwenye Jua zilikuwa zimegeuka aina nyingine, yaani zimehamia akaunti nyingine, na mzani wa Davis ulipima akaunti moja tu. Wote wawili walikuwa wakweli tangu mwanzo. Davis alipewa Nobeli 2002, akiwa na miaka 88.

Sasa ikumbuke saa ya myuoni. Saa ya kitu kinachokimbia huenda polepole, na ya kitu kinachokwenda kwa kasi kamili ya mwanga haisogei kabisa. Kitu kama hicho hakina muda wa kubadilika. Neutrino zinabadilika, basi saa yake inatembea, basi haziendi kwa kasi kamili ya mwanga, basi zina tungamo. Jedwali la nyuma ya kitabu changu, kwenye safu ya tungamo, lina sifuri mbele ya neutrino zote tatu.

Nimezikata kwa penseli. Namba sijaandika, kwa sababu hakuna aliyeipima bado. Wanajua tu ni ndogo kuliko kikomo fulani, na kikomo hicho wanazidi kukishusha. Nimeiacha mistari hiyo wazi, tarehe pembeni, kama tunavyofanya kwenye leja risiti ikiwa bado iko njiani.